Dari Niliyomwoshea Mke Mwenzangu

Siku ile naikumbuka kwa vidole, mwanangu, maana chokaa ilinichubua hata kushika tonge la ugali ikawa kazi. Ulikuwa mwaka wa Uhuru, na mtaa wetu wote wa Kanyenye watu wanapaka nyumba zao chokaa. Mume wangu, fundi cherehani, akaniambia ana wageni wa sherehe kutoka Nzega, watalala chumba cha uani. Humo ndimo tulimokuwa tukipikia mvua zikinyesha. Dari yake ya mbao ilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa kuni mbichi.

Mama mkwe ndiye aliyenielekeza. Masizi hayaanzwi kwa maji. Ukiyalowesha yanazama kwenye mbao, na chokaa yako itatoka madoa ya manjano. Unayapangusa kwanza makavu, ufagio umeufunga kwenye mti mrefu na kitambaa puani. Ndipo unaosha kwa maji ya moto yenye magadi, unasuuza, unaacha pakauke. Chokaa nayo uitie chumvi kidogo isibanduke. Alinishikia ngazi kwa mikono yake mwenyewe, nami huko juu naimba nyimbo za Uhuru, mjinga mimi!

Nusu ya dari nilikuwa nimekwisha kuipaka chokaa, naanza kuosha nusu ya pili, alipoingia Bi Tunu, jirani yetu, kungwi aliyenifunda nilipoolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shuka, mwanangu. Chumba hiki unakijua ni cha nani?"

"Cha wageni wa Uhuru."

Akamgeukia mama mkwe. "Mwanao kaposa Nzega, mtaa mzima tunajua isipokuwa huyu. Haya, dini imempa ruhusa ya kuoa. Hii ya kumpandisha mtu ngazi amwoshee mke mwenziwe dari, mmeitoa wapi?"

Mama mkwe akainamisha kichwa. "Tulichelea atakataa kazi," akasema.

Kazi! Hawakuchelea moyo wangu, wamechelea masizi yao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu mimi kilinishikia ngazi. Nilimwaga yale maji ya magadi uani nikaingia chumbani kwangu. Bibi harusi alikuja akalala chini ya dari nusu nyeupe nusu nyeusi. Yeye sikumchukia, maskini, naye aliambiwa mimi nimeridhia.

Nilikaa na mume yule mpaka uzee, nikamzalia. Lakini kuanzia hapo, akiniambia jua limekuchwa, nilitoka nje kuangalia. Mwongo njia yake fupi, ila anayeishi naye ndiye anayeitembea. Alipokuwa katika maradhi ya kufa alinishika mkono, akasema hakuna aliyemtunza kama mimi. Mwanangu, badala ya kulia nilijiuliza anataka nini. Mpaka leo sijui kama yalikuwa maneno ya kweli, na yananiuma, kwa sababu huenda yalikuwa.

Basi nakuusia. Ukiwa na neno chungu la kumwambia wa nyumbani kwako, mwambie wewe, mapema, akutazame usoni. Akilia, alie, akivunja vyungu, vitanunuliwa vingine. Usimfiche jambo huku ukimtumikisha kuliandaa, maana siku utakayosema kweli hutakuwa na wa kukusadiki. Mungu akupe ulimi mnyofu, mwanangu, na siku yako ya mwisho akujaalie mtu wa kuliamini neno lako. Amina.