Siku Niliyomwangukia Mama Mkwe Ulingoni

Nikiri mapema, maana wengine mmeshaisikia hii habari kwa watu wa mtaa wa Sokon I na najua wameitilia chumvi: ni kweli, mimi ndiye niliyemwangukia mama mkwe wangu mbele ya mtaa mzima, kifua wazi, nimevaa taiti za mtumba na kinyago cha kijani, wiki moja kabla ya kwenda kwake kuposa. Wanaosema nilikuwa nimelewa wanasema uongo. Nilikuwa nimekunywa chai.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, mabanda ya video kila kona, na mimi kiwanda kilikuwa kimenipunguza kazini nikawa nauza nguo kwenye turubai karibu na banda la jamaa mmoja tuliyemwita Mangi (Mchaga mwenye biashara Arusha, utamwitaje tena?). Huyu Mangi akapewa na dereva wa watalii kaseti ya mieleka ya Meksiko, shindano lao kubwa la kila mwaka, wanaume wameziba nyuso kwa vinyago vya kitambaa, wanapanda kamba na kurukiana kutoka juu. Maneno hatukuelewa hata moja, ila sheria tuliielewa, au tulidhani tumeielewa: anayeshindwa anavuliwa kinyago hadharani na watu wanamwona ni nani. Tuliitazama ile kaseti mpaka picha ikaanza kutetemeka, ndipo Mangi akatangaza kwamba na sisi tutakuwa na shindano letu, kila mwaka, kama wenzetu.

Siku yenyewe mchana, mpiganaji wa nane hakutokea. Mangi akanijia mbio.

"Eli, nisaidie. Unaingia, unaanguka raundi ya kwanza, unavuliwa, basi. Kreti la soda lako."

Nikafikiri. Kuanguka najua, na pale Sokon kila mtu ananifahamu, hata nikivuliwa kinyago hakuna atakayeshangaa. Wakwe zangu watarajiwa wako Makumira, nje ya mji, mzee ni mzee wa kanisa, watu wa aina ile mielekani watafuata nini? Nikachukua taiti kwenye turubai langu mwenyewe, Mangi akanipa kinyago alichoshona fundi kwa kitambaa cha pazia, nikawa Mzimu wa Kijani.

Ulingo ulikuwa magodoro yaliyotandikwa chini, kamba za katani, na nguzo nne za mkalitusi zilizochimbiwa asubuhi ile kwenye udongo uliolowa mvua. Mpinzani wangu wa kwanza alikuwa muuza nyama, mtu mpole sana nje ya kazi yake. Ningelala tu, yangeisha. Lakini watu wakapiga makofi, jamani, na mimi sikuwahi kupigiwa makofi maishani, nikaona kabla sijaanguka niwaonyeshe kidogo ile ya kwenye kaseti. Nikapanda nguzo. Nikanyoosha mikono. Nguzo ikalala taratibu upande wa watazamaji, nami nikaenda nayo, nikapita juu ya kamba na kutua kwenye viti vya mbele, vile vya plastiki Mangi alivyowakodishia wageni wake wa heshima, na chini yangu mtu akasema, "Yesu wangu!"

Nilipofungua macho nikamwona mama wa mchumba wangu Ndeshi, uso wake na wangu zikiwa karibu kiasi cha kuhesabiana kope. (Kwamba Mangi ni binamu ya huyo mama nilikuja kujua baadaye.) Sasa, mimi ni Mmeru, na nilivyolelewa, mama mkwe hata kiti chake hukikalii. Mimi nilikuwa nimemkalia mwenyewe.

Nikarudi ulingoni kwa magoti. Watu wakamfunga mama mkono ulioumia kwa kanga, wakamwambia mama twende hospitali, akakataa.

"Nimekuja kuangalia mieleka. Nitaangalia."

Hapo ndipo nikaona nilivyokwama. Nikianguka, navuliwa kinyago, ananiona, na Jumamosi ijayo nisithubutu kukanyaga Makumira. Nimkose Ndeshi, niliyemngoja miaka mitatu. Njia ya kubaki na kinyago ilikuwa moja tu, nishinde. Nishinde wote.

Ndugu zangu, mimi sijawahi kupigana hata shuleni. Lakini muuza nyama alikuwa bado anacheka, nikamwangusha akiwa anacheka, nikamlalia mpaka refa akahesabu tatu. Wa pili, fundi seremala, nilimfinya mahali ambapo refa hakuona, na sijivunii. Fainali nikapewa Chui wa Njiro, mlinzi wa majumba ya kule, mtu mwenye shingo pana kama kinu. Alininyanyua mara mbili akanitupa mara mbili, na kila nilipotua nilisikia sauti ya mama mkwe kutoka viti vya mbele, "Mmalize huyo wa kijani!" Mara ya tatu nikashika kinyago chake nikakizungusha, matundu ya macho yakaenda kisogoni, na alipokuwa anapapasa kutafuta dunia nikamsukuma, akaanguka, nikamkalia na kuomba kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu.

Nikawa bingwa. Nilitaka kulia. Mangi akaniwekea kipaza sauti mdomoni niseme neno, nikatikisa kichwa. Akatangaza kwamba mkanda wa ubingwa atanivalisha dada yake aliyeumia, iwe pole yake. Mama mkwe akaja polepole, mkono mmoja kwenye kanga, mwingine umeshika mkanda, akasimama mbele yangu na kunitazama.

Sikilizeni, mtu unaweza kujifunga kinyago, unaweza kujizuia usiseme saa nzima. Lakini mtu mzima akisimama mbele yako, mama wa rika la mama yako, kichwa kinainama chenyewe na mdomo unafunguka wenyewe. Na kile kipaza sauti kilikuwa bado pale.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe akanivalisha mkanda, akaufunga kwa mkono mmoja, bila haraka.

"Marahaba, Elibariki," akasema. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Ningejibu nini?

Wiki ile sikulala. Jumamosi nikaenda Makumira na wajomba zangu kwa sababu mbuzi na blanketi vilikuwa vimeshapelekwa, na kutokwenda kungekuwa aibu ya pili. Nilivaa suti. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mumewe, mkono umefungwa plasta nyeupe. Mzee akasafisha koo, akauliza kama inavyoulizwa siku hiyo, "Mama, huyu kijana aliyekuja kwetu, unamfahamu?"

Wajomba wakageuka kumwangalia. Ndeshi akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa natafuta mlango uko wapi.

"Namfahamu," akasema mama mkwe. "Ni mzito, lakini kalelewa vizuri. Anasalimia."

Ndeshi ni mke wangu mpaka leo. Mangi aliendelea na shindano lake miaka kadhaa, na kila mwaka mama mkwe alikuja akakaa viti vya mbele, na mimi nilikaa nyuma kabisa, nimevaa shati lenye vifungo vyote. Ulingoni sikupanda tena, wala sitapanda.