Shangazi Mwanakombo Anachagua Tela

"Shangazi, hivi pikipiki ikipandishwa kwenye boti huwa inaogopa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, ufukweni Ujiji. Wanaume walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wamebeba pikipiki nyekundu mabegani kama wanampeleka bibi harusi. Shangazi Mwanakombo alisimama nyuma ya boti yake, ushungi ameufunga kwa fundo shingoni, anatafuna tangawizi. Swali langu lilimchekesha sana. Kisha akageuka akapiga kelele:

"Nyuma huku! Nzito zote nyuma! Mnataka boti inywe maji?"

Jibu hakunipa. Wakubwa wengi wakiulizwa maswali na watoto hucheka tu, halafu wanaendelea na kazi. Mimi nikalibeba swali langu nikarudi nalo nyumbani.

Shangazi ni dada wa baba yangu, Kassimu. Boti aliachiwa na babu, na watu walidhani ataiuza siku ya arobaini. Hakuiuza. Akajifunza injini, akajifunza kuongea na vijana wa ufukweni bila kutukana (hilo lilimchukua muda), akawa anapeleka mizigo vijiji vya kusini, Sigunga na kwingineko: saruji, sukari, magodoro, na pikipiki. Pikipiki ndizo alizipenda. Alikuwa na mkono wa kuzifunga. Kamba inapita kwenye usukani, inashuka kwenye chesisi, inarudi, na hata likija wimbi la kukutapisha, pikipiki imetulia kama imelala.

Kuna jambo moja nililiona kila safari aliponichukua wakati wa likizo. Mwenye pikipiki hakai na abiria wengine. Anakaa kando ya pikipiki yake, mkono juu ya tangi, kutoka Ujiji mpaka anakoshukia. Jua likiwaka, yupo. Mvua ikinyesha, anaifunika siti kwa koti lake na yeye analowa. Nilimwona mzee mmoja mwenye mvi akiipigapiga tangi taratibu kila wimbi lilipokuja. Hakuna aliyemcheka. Kwetu ndivyo ilivyo.

Miaka ikaenda. Mizigo mingi ikaanza kupita barabarani, boti ikawa inakaa ufukweni siku nyingi kuliko inavyosafiri. Shangazi akawa anapanda kwenda Kalinzi kununua ndizi, na huko juu ndiko alikoona kitu ambacho mimi ningekiona nikakipita tu. Pikipiki za Kalinzi zinapanda na kushuka vilima kutwa na magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi, kwa hiyo zinakufa. Zikifa, mafundi wakubwa wako huku mjini, Rusimbi. Basi mwenye nayo anaisukuma mteremko wote, au anaomba nafasi juu ya lori la ndizi, na inafika na majeraha mapya.

"Hawa watu wanahitaji boti ya nchi kavu," shangazi akasema.

Akauza boti. Baba alikasirika. Akalisema mbele yetu sote, tunakula ugali na migebuka.

"Kombo, umeuza boti ya marehemu baba ili ununue kitanda cha chuma?"

"Kitanda chenye magurudumu, kaka. Wewe chako kinakupeleka wapi?"

Mama alipaliwa. Lakini baba hakucheka, na nilijua kwa nini. Sehemu kubwa ya pesa ya boti ilikwishageuka pikapu kuukuu yenye viti vya nyuma. Iliyobaki ilitosha tela moja. Moja tu! Shangazi akichagua vibaya, hana boti, hana kazi, na ufukweni hawezi kurudi kwa sababu boti ya babu ina mwenyewe mwingine sasa.

Basi Jumamosi moja, mimi nikiwa kidato cha tatu, akanichukua twende Rusimbi kwa fundi Elikana, mchomeleaji mwenye gereji ya pikipiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, utadhani tela lilikuwa langu.

Kwa Elikana yalikuwepo matela mawili. La kwanza, jamani! Jipya, limepakwa rangi ya buluu, kuta za bati zimesimama juu kuliko kifua changu, mlango wa nyuma unashuka unakuwa ngazi ya kupandishia, linabeba pikipiki nne. Nilitamani kulikumbatia. La pili lilikaa pembeni kama ndugu maskini: la chini, wazi kila upande, halina hata ukuta, ni fremu tu yenye mifereji mitatu ya kusimamishia magurudumu na ringi za kufungia kamba.

Shangazi alilala chali chini ya matela yote mawili. Akagonga ekseli kwa jiwe akasikiliza. Akapanda juu akarukaruka. Akanusa mahali palipochomelewa. Elikana akavua miwani yake myeusi.

"Mama, unanunua tela au unatafuta mume?"

"Mume nilimchagua haraka, baba. Ndiyo maana tela nalichagua polepole."

Vijana wa gereji walipiga makofi. Elikana mwenyewe alicheka akasema, "Haya, chukua la buluu ukalijaribu mlimani. Likikufaa tutaongea, lisipokufaa lirudishe."

Tukalifunga nyuma ya pikapu, tukaondoka. Nilikuwa nageuka kila dakika kuliangalia linavyotufuata. Tulipopita Mwandiga, watoto walikimbia kandokando wakipiga kelele, na mimi nikawapungia mkono kama kiongozi.

Kalinzi tulimkuta Oswald, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kijana mrefu wa maneno mengi. Shangazi alikwisha ongea naye kwa simu. Palikuwa na pikipiki tatu mbovu zinangoja, moja ya kwake mwenyewe.

"Mwakeye, mama!" akamsalimu kwa lugha ya kule. "Ukizifikisha hizi salama kwa mafundi, kijiwe chote ni chako. Ukiziangusha, habari zitafika Manyovu kabla hujafika mjini."

"Habari njema nazo ziwe na mbio hizo hizo," shangazi akamjibu.

Oswald akataka kupanda kwenye tela akae na pikipiki yake. Shangazi akakataa: kwenye tela hakai mtu, apende asipende. Akapakia mwenyewe kwa ule mkono wake wa ufukweni. "Nyuma! Nzito zote nyuma!" nikamsikia, na nikatabasamu, maana ilikuwa sauti ile ile ya zamani. Pikipiki zote tatu zikabanwa nyuma kabisa mlangoni, mbele pakabaki wazi. Kamba zikapita usukani, chesisi, zikarudi. Hata vijana wa kijiwe walikubali kwamba hawajawahi kuona fundo la namna ile.

Tukaanza kushuka. Oswald alikaa nyuma pamoja nami, na hakukaa kama mtu. Alipiga magoti kwenye kiti, uso kwenye kioo cha nyuma.

"Siioni," akasema.

"Ipo," shangazi akamjibu.

"Naona bati tu, mama. Hebu simamisha nichungulie."

Akasimamisha, kijana akachungulia, akarudi. Hatukufika mbali.

"Mama, nimesikia kama kitu kimelia."

"Ni tumbo lako."

Nikacheka, lakini kwa muda mfupi. Mteremko ulipokolea, mkia wa tela ukaanza kucheza. Kulia, kushoto. Kisha kulia zaidi. Pikapu ikawa nyepesi nyuma, kama kuna mtu anainyanyua. Oswald akaanza kutaja watakatifu, mimi nikaishika siti kwa mikono yote miwili. Shangazi hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta, akashika usukani kama anashika kasia, akaiacha pikapu ipungue yenyewe mpaka tukasimama kando ya barabara, mbele ya akina mama wanaouza maparachichi.

Kisha mama mmoja akauliza kwa upole kabisa:

"Dada, hilo tela lako limelewa rubisi?"

Shangazi alishuka. Uso wake sijawahi kuuona vile. Najua alichokuwa anafikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria: boti imeuzwa. Akazunguka tela mara ya kwanza, akazunguka tena. Akapiga magurudumu teke. Akaangalia springi. Kila kitu kizima. Oswald alikuwa amepanda mlangoni, anaipapasa pikipiki yake.

Halafu shangazi akasogea mbali, ng'ambo ya barabara, akasimama mikono kiunoni, akalitazama tela kwa ubavu kama alivyokuwa akiitazama boti kabla ya kuisukuma majini. Mbele ya tela ilikuwa imeinuka, imeinua na makalio ya pikapu. Imeinuka vizuri kabisa, pua juu, tayari kukutana na wimbi.

Akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini kwenye majani. Mimi nikadhani amechanganyikiwa.

"Mwanangu," akasema akijifuta machozi, "mimi nimepakia boti! Boti inasukumwa kutoka nyuma, ndiyo maana unaweka uzito nyuma, pua inyanyuke. Hili linavutwa kutoka mbele. Nimelinyanyua pua, linaogelea barabarani!"

Akina mama wa maparachichi hawakuelewa neno, lakini kicheko kikawaambukiza. Tukafungua kamba, sote, hata yule aliyetaja rubisi akaja kusukuma. Pikipiki zikasogezwa mbele, siyo mbele mwisho, ila kupita ekseli kidogo, mpaka shingo ya tela ikalala vizuri kwenye pikapu. Shangazi akaenda ng'ambo kutazama tena. Akarudi, akawasha.

Na tela likanyooka! Lilitufuata kama mbuzi aliyefundishwa. Kona ya kwanza, ya pili, mashamba ya kahawa yanapita, ndizi zinapita, ziwa likaanza kuonekana kule chini, na shangazi akaanza kuimba. Nilipiga kelele mpaka Oswald akaziba masikio. Lakini hata hapo hakugeuka mbele. Njia nzima magoti kwenye kiti, shingo imekunjwa, macho kwenye bati la buluu.

"Tumefika salama," shangazi alimwambia tulipoingia kwa Elikana.

"Nimeamini baada ya kuona," Oswald akajibu, akasugua shingo. "Ila shingo yangu nayo inahitaji fundi."

Pikipiki zilikuwa nzima, hata kioo hakikupasuka. Oswald akapiga simu kijiweni palepale, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba wamepata nahodha. Elikana alikuja akipangusa mikono. "Nilijua tu. La buluu, sivyo? Linabeba nne, na umeshalizoea."

Mimi nilikwisha sema ndiyo moyoni. Nilijiona mle ndani ya pikapu nikipungia watoto wa Mwandiga kila likizo. Lakini shangazi alikuwa anamtazama Oswald na shingo yake.

Akafungua lile la buluu kwenye pikapu. Akaomba vijana wamsogezee la chini, lile ndugu maskini, wakalifunga. Akapandisha pikipiki ya Oswald peke yake kwenye mfereji wa katikati, akaifunga. Kisha:

"Oswald, ingia kwenye gari. Kaa kwenye kiti chako."

Oswald akaingia. Safari hii hakupiga magoti. Aligeuza kichwa tu.

"Unaiona?"

"Naiona, mama. Naiona mpaka namba yake."

Shangazi akazunguka nayo uwanja wa gereji. Oswald alitazama nyuma mara moja, akatazama tena, halafu akaketi akaangalia mbele, akaniuliza nasoma shule gani. Njia nzima kutoka Kalinzi hakuwa ameniuliza hata jina.

"Nachukua hili," shangazi akasema aliposhuka.

"Mama! Hilo ni tatu, lile ni nne," Elikana akalalamika.

"Najua kuhesabu, baba. Hili hili."

Mimi nilishindwa kunyamaza. "Shangazi, la buluu ndilo zuri! Na kosa halikuwa lake, lilikuwa la upakiaji, umesema mwenyewe!"

Alitoa kipande cha tangawizi mfukoni, akakivunja, akanipa nusu. Kisha akacheka kicheko kile cha ufukweni, na nikajua kwamba na yeye alikuwa amelibeba lile swali langu la darasa la pili miaka yote hii.

"Pikipiki haiogopi, mwanangu. Anayeogopa ni mwenyewe, mpaka aione."