Maji yalikuwapo, njia haikuwapo: Muuza maji wa Bulla Qodah

Saa moja asubuhi, jua la Garissa limeshaanza kuchoma. Arbia Noordin anamsimamisha punda wake mbele ya rundo la miiba lililofika kifuani. Jana mkokoteni wake ulipita hapa. Leo kuna ua mpya, na ndani yake mwanamume anafunga fito za kibanda.

"Walaal, ndugu yangu, hapa ilikuwa njia," Arbia anamwambia.

"Ilikuwa," mwanamume anajibu bila kuinua kichwa. "Sasa ni kwangu."

Arbia habishani naye. Anamgeuza punda kwa shida, kwa kuwa kichochoro ni chembamba na mapipa mawili yaliyojaa yanauyumbisha mkokoteni. Maji yanamwagika mchangani. Anarudi alikotoka kutafuta upenyo mwingine.

Huu ndio mtaa ambao wakazi wake wanauita Bulla Qodah, yaani mtaa wa miiba, pembezoni mwa mji wa Garissa. Arbia, mjane mwenye watoto wanne, amekuwa akiuza maji hapa tangu mwaka 1992, ukame ulipowamaliza ng'ombe wake huko Hulugho. Alikuja na rafiki yake wa utotoni, Kaltun.

"Tulikuja na punda moja, mimi na Kaltun," anasema kwa Kiswahili alichojifunza sokoni. "Hapa ilikuwa kichaka tu. Ukisimama mlango ya nyumba yangu, unaona barabara ya lami mpaka magari."

Leo lami haionekani. Mafuriko ya El Nino ya mwisho wa 1997, pamoja na ugonjwa wa mifugo uliofuata, yaliwasukuma mamia ya wafugaji kuingia mjini. Kila familia ilijenga ilipoweza na kuzungushia miiba ili kulinda mbuzi wachache waliosalia. Hakuna aliyepima wala aliyeacha nafasi. Vichochoro vingi vinaishia kwenye ua wa mtu.

Zamani Arbia alipeleka maji mara nne kwa siku. Sasa, kwa kuzunguka huku na huko, akipeleka mara mbili anashukuru. Siku nzuri humwachia shilingi mia moja na hamsini, na sehemu ya hizo ni chakula cha punda.

Hata hivyo, akizungumza, si biashara anayoirudia zaidi.

Alasiri moja ya Februari mwaka huu wa 1999, upepo wa kiangazi ukivuma, jiko la mkaa lilipinduka katika nyumba moja na moto ukarukia nyumba za jirani. Nyumba za hapa ni herio, vibanda vya mviringo vya fito, mikeka na maboksi. Hazichukui muda kuungua.

Kaltun alikuwa amelala ndani ya mojawapo. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu mwaka uliotangulia. Binti yake, Hinda, alikuwa ameenda sokoni kuuza maziwa.

Arbia aliuona moshi akiwa njiani na mapipa yake yamejaa. Alimkimbiza punda kuelekea huko, akakuta kichochoro alichokizoea kimezibwa. Jelle, mfugaji aliyewasili kutoka Tarbaj wiki hiyohiyo, alikuwa amezungusha ua wake mahali hapo.

"Maji niko nayo," anasema Arbia. "Nyumba ya Kaltun iko hapo, kama hapa na yule mbuzi. Nasikia ananiita. Lakini punda hawezi ruka miiba."

Watu walipitisha ndoo juu ya ua, nyingine zikimwagika kabla hazijapokelewa. Jelle mwenyewe alikuwa aking'oa miiba kwa mikono mitupu. Mwanya ulipopatikana, kibanda kilikuwa kimeshaanguka.

"Inna lillahi," Arbia anasema.

Jelle bado ana makovu viganjani. "Mimi sikujua ni njia," anasema. "Nilikuja na watoto, nikaona mahali wazi, nikasema alhamdulillahi, leo watalala. Hakuna mtu alinikataza."

Hinda hajamtukana wala kumshtaki kwa wazee. Ila hapiti mbele ya nyumba ya Jelle. Anazunguka mbali, hata akiwa na mzigo.

Baada ya mazishi, Arbia alikwenda kwa afisa mmoja wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka sehemu nyingine ya nchi, kuomba mtaa upimwe. Afisa huyo, ambaye hakutaka jina lake litajwe, anakumbuka siku hiyo.

"Nilimwambia, mama, nakuelewa, lakini siwezi kukudanganya. Hawa watu wanajenga usiku, asubuhi tunakuta mtaa mwingine. Tupime wapi?"

Arbia alirudi nyumbani, akaanza na ua wake mwenyewe. Aliuvunja na kuusogeza ndani, akapoteza kivuli alimokuwa akimfungia punda. Kisha akachukua wanawake wawili, wakapita nyumba hadi nyumba wakiwaomba watu wafanye vivyo hivyo. Jelle alikuwa wa kwanza kukubali. Wengine waliwafukuza.

"Moja aliniambia, wewe unataka njia ya biashara yako," anasema Arbia. "Hiyo iliniuma, kwa sababu ni kweli kidogo."

Njia waliyofungua inatosha mkokoteni mmoja. Inatoka kwa Arbia, inafika palipokuwa na nyumba ya Kaltun, ambapo sasa pamebaki majivu na mawe ya jiko, na inakomea hapo. Nyua nne bado zinaitenganisha na lami. Arbia anataka kuifikisha barabarani kabla ya mvua za Aprili, matope yasije yakakifunga kila kitu. Hana hakika kama ataweza.

Alasiri, ngamia mmoja anafika kutoka Hadado akiwa amebeba fito, mikeka na mtoto mchanga. Mama wa mtoto, Barwaqo, anashusha mzigo katikati kabisa ya uwazi uliobaki upande wa lami. Arbia anampelekea mtungi wa maji na kukataa malipo.

"Abaayo, dada yangu, pole na safari," anamwambia. "Kunywa kwanza. Halafu nakuomba usijenge hapa. Sogea kidogo."

"Tumetembea siku nyingi," Barwaqo anasema. "Nisogee mpaka wapi?"

Arbia anatembea hatua chache, kisha anachora mstari mchangani kwa kisigino. Mume wa Barwaqo ananung'unika kwamba ardhi ni ya Mungu. Barwaqo anamtazama mtoto, anazitazama fito zilizotapakaa, halafu anainama na kuanza kuzikusanya.

Arbia anashika upande wa pili wa mzigo.

"Huyu amekubali," anasema wanapomaliza, akipangusa jasho kwa ncha ya shungi. "Kesho watakuja wengine. Insha Allah nitakuwa nimeamka mapema."