Beseni la Kazi za Watu

Mwaka ule wa maasi shule za Kisangani zilifungwa, na kina mama wa ua wetu wakaniachia watoto saba. Majina yao yote ninayo mpaka leo. Siyaandiki, maana wengine wangali hai. Mimi mwenyewe nilisoma miaka miwili tu kwa masista, lakini nilikumbuka somo la kazi za watu. Nikajaza beseni vitu vya humo uani: jembe, sindano, mchi, kipande cha wavu, kalamu. Mtoto anachukua kitu, anasema ni cha mtu gani, kisha anaeleza kazi inaanzia wapi: muhogo kwanza unaloweka, ndipo unatwanga. Na kitu kikiwa mahali si pake, nilisema, kiondoe, usingoje kuambiwa. Aliyepatia tulimpigia makofi matatu.

Aliyewashinda wote alikuwa binti wa karani wa posta, miaka sita. Waasi walikuwa wanatafuta watu wa ofisi, basi papa yake alichoma makaratasi, akavaa kaptula iliyochanika, akajiita mvuvi. Wakubwa tulijua. Watoto hatukuwaambia; tuliona ni wadogo. Na ile kalamu nilipaswa kuitoa kwenye beseni. Sikufikiri.

Mchana mmoja waasi waliingia na bunduki, tukiwa tumekaa chini tunasoma.

"Munafanya nini hapa, yaya?" mkubwa wao akaniuliza.

"Masomo, tonton!" watoto wakajibu.

"Bon, mimi iko inspecteur." Wenzake wakacheka. Akamgeukia karani, aliyesimama mlangoni na wavu begani. "Na wewe, mwanafunzi muzee, kazi gani?"

"Muvuvi, chef."

"Alors, kesho utuletee samaki."

Walikuwa wameshageuka kwenda. Binti akainuka, akauvuta wavu kutoka bega la papa yake, akautia kwenye beseni. Akachukua kalamu, akamwekea mkononi.

"Papa, umekosea. Wewe iko mutu ya kalamu."

Akaniangalia mimi. Wale sita wakapiga makofi matatu, kama nilivyowafundisha.

Waasi walimpeleka karani upande wa mto. Hakurudi.

Kesho yake binti alikuja wa kwanza, akapanga vitu vyote, kila kimoja mahali pake. Kalamu ilikuwa imebaki pale mlangoni; akaiokota, akaishika tu.

"Yaya, nilikosea wapi?"

"Hukukosea," nikamwambia.

Nikaichukua ile kalamu, nikaitia motoni chini ya sufuria. Tangu siku ile sikumfundisha tena mtoto yeyote.