Breki Kabla ya Kona

Basi lilimteremsha kwenye stendi asiyoijua, saa mbili asubuhi, akiwa na begi la magurudumu na mfuko wa malimau. Miji migeni haikumtisha. Miaka thelathini aliuza vitambaa akivuka mipaka, na aliweza kugombana juu ya bei kwa lugha tano. Kila alikofika alifanya jambo moja kwanza: alisimama kando, akatazama wenyeji wanavyovuka barabara, kisha akavuka kama wao.

Safari hii hakuja kuuza. Binti yake alikuwa amempigia simu akilia: "Mama, mume wangu anasema dripu ya nne ya saratani haendi. Mimi kiwandani wameninyima ruhusa. Njoo umwambie wewe, labda wewe atakuonea haya."

Gari dogo jeupe lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa likasimama mbele yake. Mkwe wake akashuka. Mtaani walimwita Mwalimu Klachi, maana kwa miaka kumi na tisa neno hilo ndilo alilokuwa akilipigia kelele kutwa. Zamani alikuwa pande la mtu. Sasa shati lilimning'inia kama bado liko kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mwenyewe na hali hiyo?"

"Kwani nimevunjika mguu?"

Hawakufika mbali. Kwenye mzunguko wa pili alikata usukani ghafla, akaegesha kando, akachomoa ndoo ya bluu nyuma ya kiti chake na kutapika. Alipomaliza alibaki ameinama vilevile, hataki kugeuza uso. Kutapika mbele ya mama mkwe! Mtu aliyemposa binti yake akiwa na tai shingoni.

"Toa yote," mama mkwe akasema. "Mimi nimelea watoto saba, na nimesafiri siku mbili ndani ya lori moja na mbuzi arobaini. Wewe bado hujanishtua."

Alifungua kisanduku cha dashibodi kutafuta kitambaa cha kumpa. Mkono wake ukagusa pakiti ya vidonge. Vilikuwa vimepungua viwili tu.

"Hivi vya nini?"

"Vya kuzuia kichefuchefu. Naviweka vya dharura. Nikizidiwa ndiyo nameza."

"Vinasaidia?"

"Navitapika."

Mama mkwe akavirudisha mahali pake, akafunga kisanduku. Mfanyabiashara hatoi neno lake kubwa siku ya kwanza.

Jioni, sebuleni, Mwalimu Klachi alisema yake yote. Uvimbe haukuwa umemlaza hata siku moja. Kilichomlaza ni dawa yenyewe. Teksi mbili zilikuwa zimemshusha njiani kwa sababu ya kutapika, na kosa, alisema, ni la yale makopo ya manukato wanayotundika kwenye vioo. Sasa akiona geti la hospitali tu, tumbo linapinduka kabla hata hajaguswa na sindano.

"Juzi nimemwona muuza mikate kavaa koti jeupe," alisema. "Nimemtapikia karibu na viatu. Mama, mimi si mwoga. Lakini siendi tena."

"Na daktari anasema zimebaki ngapi?"

"Tatu. Anasema nikiacha sasa, uvimbe utarudi."

Binti aliyekuwa anamenya viazi akaacha kumenya. Mama mkwe akamtazama mkwe wake kama anavyotazamwa muuzaji aliyetaja bei ya kipuuzi.

"Dripu ni lini?"

"Alhamisi, baada ya wiki tatu. Hata ningetaka, nikitoka kwenye dripu siwezi kushika usukani. Nani wa kunipeleka na kunirudisha?"

"Nifundishe gari."

Mwalimu Klachi akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, una miaka sitini na miwili."

"Sikukuuliza umri wangu, naujua. Sikiliza. Nikifaulu mtihani kabla ya siku hiyo, mimi nakupeleka na wewe unakwenda. Nikifeli, napanda basi langu, na neno dripu hulisikii tena kinywani mwangu."

Mwalimu Klachi alifikiri kidogo tu. Wiki tatu! Vijana wenye macho makali walikuwa wanamaliza miezi miwili hawajui kurudi nyuma. Akampa mkono.

Kiwanja cha mazoezi kilikuwa kipande cha lami nyuma ya maghala, chenye matairi yaliyopakwa rangi nyeupe. Mama mkwe alikaa kwenye usukani, kanga kaifunga kiunoni. Mkwe alikaa kushoto kwake, mguu mmoja juu ya breki ya mwalimu, ndoo katikati ya magoti.

"Klachi, mama! Klachi!"

"Usinifokee, mimi si ngoma."

Gari liliruka, likazima, likaruka. Siku za kwanza mkwe alitapika mara tatu kabla ya saa nne, na kila mara alipanguza mdomo na kusema, "Tena. Washa." Polepole wakajua kilichomfaa. Vioo wazi. Biskuti kavu kabla ya kutoka, kidogokidogo, asiache tumbo tupu. Limau la kunusa. Macho mbali barabarani, yasitazame dashibodi. Mama mkwe naye akajifunza kuachia klachi taratibu kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita pale, kwa kuwa kosa lake lilikuwa linaingia kwenye ndoo papo hapo.

Wiki ya pili alianza kuendesha vizuri, na hapo ndipo mkwe alipopata mtihani wake mwenyewe. Asubuhi moja aliona mama mkwe anahama upande wa barabara bila kutazama kioo. Kosa hilo peke yake lilitosha kumfelisha mtu. Alichotakiwa ni kulinyamazia tu. Walipita nguzo moja, wakapita ya pili. Akang'ata mdomo.

"Kioo, mama! Kioo!"

Mama mkwe akacheka. "Ungenyamaza ungeshinda."

"Mimi sifundishi mtu kufeli," alijibu kwa hasira, na hasira ile ilimrudishia rangi kidogo usoni.

Siku hiyohiyo walishuka barabara ya mteremko yenye kona kali. Mama mkwe aliingia kwenye kona kwa kasi, kisha akakanyaga breki akiwa ndani yake. Gari likayumba, ndoo ikapinduka.

"Breki inakanyagwa kabla ya kona!" Mwalimu alipiga kelele. "Ukishaingia ndani umechelewa, gari halikusikilizi tena! Mara ngapi nimesema?"

Mama mkwe akaegesha. Akazima injini. Akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa pakiti ya vidonge na kuiweka juu ya goti la mkwe wake.

"Rudia ulichosema."

"Nimesema breki..." Akaigeuza pakiti mkononi, akasoma maandishi yake, labda kwa mara ya kwanza. Alisoma kwa muda mrefu.

"Dripu tatu sasa," mama mkwe akasema, "unakanyaga ndani ya kona."

Mkwe alimpigia simu muuguzi wa wodi akiwa palepale. Sauti ya dada yule ilisikika mpaka kiti cha dereva. "Kila nikikuuliza unaendeleaje, unasema salama! Ningejuaje kwamba unaviweka kama akiba ya harusi? Unameza saa moja kabla ya dripu, na baada yake unafuata saa nilizokuandikia, utapike usitapike. Visipotosha, uniambie, daktari akubadilishie. Ziko nyingine."

Jumanne mama mkwe alifaulu. Msimamizi wa mtihani alimwandikia kosa moja: kumtukana mwendesha pikipiki kwa lugha isiyoeleweka.

Alhamisi walitoka saa kumi na mbili na nusu. Vidonge vilikuwa vimekwisha kumezwa, biskuti tatu zimeliwa, vioo vyote chini. Ilikuwa imebaki kona ya mwisho, ile ambayo ukiimaliza unaliona geti. Mwalimu Klachi aliikumbatia ndoo. Mama mkwe akapunguza mwendo mapema, akaingia taratibu kama anayembeba mtoto aliyelala.

Geti likaonekana. Mkwe akatokwa na jasho. Akatema mate ndani ya ndoo, akahema, akangoja. Hakikuja kitu kingine.

"Mate tu," alisema kwa kiburi. "Umeona? Mate tu. Tumbo likaniletee mengine huko ndani, nalisubiri."

Alishuka na ndoo yake mkononi, akalizunguka gari akikagua magurudumu.

"Umekanyaga mstari."

"Nenda, wewe."

Akaenda, shati likipepea, hatua za mtu anayekwenda kumdai mtu. Mama mkwe alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akimfuata kwa macho. Kwenye mlango wa wodi mkwe aligeuka, na maegesho yote yakasikia:

"Mama! Handibreki!"

Kweli, gari lilikuwa linaserereka polepole. Akaivuta kwa nguvu. Alipoinua macho, mlango ulikuwa umeshajifunga.