Njiwa Mdogo wa Nyumba ya Nápla

Jina Colmán limenishughulisha tangu utotoni. Kwa Kiayalandi chetu, colm ni njiwa, neno lililoletwa na watawa pamoja na Kilatini chao. Ile -án ya mwisho humfanya awe njiwa mdogo. Sasa mtazame Colmán jirani yetu, mjenzi wa kuta za mawe, mabega kama mlango wa zizi! Nani alimwita njiwa, tena mdogo? Nilipomuuliza alicheka.

"Kamuulize mtawa aliyenipokea. Mimi nilikuwa nalia tu."

Aliletwa kutoka makao ya yatima, akalelewa na Nápla, ambaye hakuwahi kuolewa. Siku ya kwanza Nápla alimwita kutoka mlangoni, "A Cholmáin!" kama tunavyoita sisi, mwanzo wa jina ukilainika kooni na mwisho ukilegea. Mtoto hakugeuka. Huko makao walimwita kavukavu, kama linavyoandikwa. Hakujua kwamba jina likiitwa hubadilika. Ilibidi Nápla amfuate, amshike mkono.

Kwetu Konamara, magharibi mwa Ayalandi, jina halitembei peke yake, hufuatwa na la mzazi. Mimi ni Sorcha wa Beairtle. Yeye alibaki Colmán wa Makao, hata mvi zilipomtoka. Watu wetu wana midomo, Mungu awasamehe.

Nápla alipofariki, swali lilikuwa moja: akina nani wabebe jeneza? Huku wanne wa damu ndio hulitoa nyumbani. Colmán alisimama nje kwenye manyunyu, kofia mkononi. Alitamani kutia bega lake chini ya lile jeneza kuliko kitu chochote, na hakuthubutu kuomba.

"Tumeshatimia," alisema Stiofán, mpwa wa marehemu. "Damu ni damu, bwana."

"Damu gani?" nikamrukia. "We shangazi yako ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Sorcha, usinianze."

Mzee Maitiú, kaka yake Nápla, alikuwa ameshashika upande wa kichwani. Akaachia.

"Mimi natoka," alisema. "Nafasi hii ina mwenyewe."

Akajikokota hadi mlangoni, akaita kwa sauti yake yote: "A Cholmáin Nápla! Unangoja nini kwenye mvua, mjomba? Njoo umbebe mama yako."

Colmán aliingia, akainama, akatia bega. Alilia njia nzima hadi kanisani, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika jeneza, aliyaacha machozi yatiririke mbele ya kijiji kizima.