Nilivyoiponza bajeti ya kituo chetu cha afya kwa magodoro sita ya kuazima

Wakuu, salaam kutoka Nateete, Kampala.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita, lakini hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo acha nilitoe. Sijaongeza chumvi. Ingekuwa ya kutunga, si ningejipa sehemu nzuri zaidi?

Mimi nauza magodoro. Babu alikuja huku na biashara zake kutoka pwani, akatuachia duka na Kiswahili. Nikivaa kofia tu, wateja wananiita Hajji. Makka sijafika, ila mteja hasahihishwi.

Sasa, mtaani kwetu kuna kituo cha afya cha serikali. Jina naliweka pembeni. Wahudumu hawana shida, ila wodi ya wazazi, banange! Vitanda sita, magodoro yamechanika, ukilala unahesabu chuma kimoja kimoja. Maji unakuja nayo mwenyewe kwa jerikeni.

Mwanangu Rama alizaliwa pale. Mama yake mpaka leo analisimulia lile godoro kama mtu aliyenusurika ajali.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, akaja dukani Sista Akello, mkuu wa ile wodi. Ni mtu wa kaskazini, mume wake polisi, na Kiswahili chake ni kile cha barracks, kinakwenda moja kwa moja. Akaniambia watu wa bajeti kutoka division, yaani halmashauri yetu, wanapita Alhamisi kuangalia kila kituo kinakosa nini, ili waandike kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.

"Hajji, wageni nakuja, na wodi iko namna ile. Mimi naona aibu."

Wakuu, hilo neno "wageni" ndilo lililonimaliza. Kwetu mgeni akisema anakuja, hata kikombe chenye ufa kinafichwa. Nikamwambia Sista, aibu ya nini na mimi nipo?

Jumatano nikapeleka magodoro sita mapya, mazito, ya kuuza. Akina mama wa mtaa wakatoa mashuka ya maua, yale ya Idd. Watu wa boda wakajaza mapipa ya maji. Mimi nikamalizia na udi kidogo.

Yale mabovu tukayarundika store na kufunga mlango.

Alhamisi ofisa akafika na faili lake, mtu mwenye adabu zake. Akazunguka, akachungulia mapipa, akakaa kitandani, akajidundisha kidogo.

"Hajji, hapa iko mzuri sana. Kwangu Bukoto sina godoro kama hii."

Kichwa kikanivimba. Nikampa na kadi ya duka! Akanywa chai na chapati, akaandika, akaaga. Saa kumi jioni niko dukani nayavisha magodoro nailoni upya. Sista ananishukuru, mtaa unanisifu, mimi natembea kifua mbele.

Kama umeshaona tulichokifanya, nakupongeza. Sisi ilituchukua miezi minne.

Mwezi wa kwanza, mke wangu akaniambia ni mjamzito. Mtoto atazaliwa mwezi wa nane. Na bajeti mpya inaanza mwezi wa saba! Nikajiambia mambo yamejipanga: magodoro ya serikali yatafika, tenki la maji litafika, na safari hii Mama Rama atajifungua kama binadamu. Hospitali ya private nilienda kuuliza bei, nikatoka kinyumenyume.

Wiki ile ile kukawa na mkutano wa bajeti pale division, wananchi ruksa. Nikakaa mbele kabisa. Wanasoma kituo baada ya kituo, mpaka chetu.

Magodoro, hakuna. Tenki la maji, hakuna. Sababu: hali ni nzuri, vifaa vipo.

Vifaa vipo? Vifaa viko dukani kwangu, vinauzwa!

Nikaomba mic. Nikasema yote. Kwamba magodoro ni yangu, mashuka ni ya Idd, na hata ile harufu nzuri ilikuwa udi wangu. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Ofisa yule hakucheka. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba yeye anaandika anachokiona, pesa ni kidogo na wanaangalia waliozidiwa kwanza, na ripoti imeshasainiwa. Tusubiri ukaguzi mwingine. Yote aliyosema ni kweli, na hapo ndipo paliponiuma.

Kazi ikawa kumwambia Mama Rama. Wala hakugomba. Alisema tu, "Baba Rama, yule mgeni ulimtandikia vizuri kuliko mimi."

Bora angenitukana.

Mwezi wa nane uchungu ukaanza. Nikaingia kituoni na jerikeni mkononi na godoro jipya kichwani, watu wananishangaa. Mama Rama akajifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Asubuhi narudi na uji, nakuta kwenye godoro langu amelala mama mwingine, kajifungua mapacha. Mke wangu yuko kwenye lile bovu, na kichanga kifuani, ananitazama.

"Usiniulize," akasema. "Mengine matano si yako dukani?"

Nikaenda kuyaleta. Safari hii bila nailoni.

Mwezi wa kumi, arobaini imeshaisha, tukasikia wakaguzi wanarudi. Sista Akello akapata wazo: haya mapya tuyafiche store, mabovu yarudi vitandani. Mama Rama akakataa katakata. Akasema tumeshamdanganya yule mtu mara moja, tukalipia sisi.

Akafanya hivi. Akatoa godoro moja bovu store, akaliweka kitanda cha kwanza. Hakufagia, hakuweka pazia, chai hakuna. Ofisa ni yule yule. Mke wangu, mtoto mgongoni, akamwonyesha vitanda viwili vya mwanzo.

"Hili la mume wangu. Hili la serikali. Kaa yote mawili."

Akakaa langu. Akakaa la serikali, akainuka haraka huku anajishika kiuno. Hapo Mama Rama akamkabidhi jerikeni tupu na kumwonyesha njia ya kisimani. Akaandika muda mrefu sana.

Kabla ya kutoka akanigeukia, anatabasamu. "Hajji, hizi nyingine jioni unarudisha duka?"

"Hapana, ofisa," nikamwambia. "Haya hata nikitaka hayauziki. Watoto wameshazaliwa juu yake."

Wodi nzima ilicheka, na mimi nikajifanya natafuta kofia, maana macho yalikuwa yamelowa.

Tenki limeingia kwenye bajeti ya mwaka huu, nimelisoma mwenyewe ubaoni. Halijafika, na tunapita kuuliza kila wiki. Magodoro yangu yako pale pale.

Somo nililolipata: mtu wa bajeti akija, msimtandikie. Aone kitanda mnacholalia.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Najua siko peke yangu. Nani mwingine humu ameshawahi kupamba pale palipotakiwa kuonekana palivyo? Na kejeli za Hajji wa magodoro ruksa, nimeshazizoea.